Jebera Haizikwi

(Niliyasema haya kwa akina mama wa kikundi kimoja cha akiba, Bombo, Uganda, Jumamosi asubuhi baada ya mvua ya usiku. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.)

Asalaam aleikum. Na kwa wenzetu wa kanisani, Bwana asifiwe. Wazee mlioketi chini ya mwembe nawasalimu kwa heshima, na nyinyi mama zangu na dada zangu mlioniita, asanteni. Mwenyekiti ameniambia nina nusu saa, kisha kitabu cha akiba kinafunguliwa, na pesa ya mtu haingoji maua. Kwa hiyo nimekuja na neno moja tu. Mengine yote nitakayosema yatalizunguka hilo hilo kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Neno lenyewe: jebera haizikwi.

Naona mnatazamana. Subirini.

Ua hili nililoshika wengi mnalijua kwa sura hata kama jina linawapiga chenga. Wauza maua wa Kampala huandika gerbera, sisi tunasema jebera, na mjukuu wangu huliita ua la keki kwa sababu mara ya kwanza aliliona juu ya keki ya harusi. Mimi nikilitazama naona tabaga. Ndiyo, tabaga zenu hizo hizo mnazosuka hapa Bombo na kufunikia chakula. Angalieni: katikati kuna duara dogo lililobana, halafu mzunguko wa nyuzi fupi, halafu mzunguko wa nje wenye rangi kali. Na kama tabaga, si kitu kimoja. Kila uzi huu wa nje ni ua zima linalojitegemea, na kila kidoti cha katikati nacho ni ua. Yamesukwa mamia mahali pamoja, nasi tunahesabu moja. Ukoo wake ni ule wa alizeti na pareto, na hata ile saladi ya majani mnayouza sokoni ni binamu yake.

Rangi ni nyingi: nyeupe, njano, chungwa, waridi, nyekundu ya damu, mpaka ile inayokaribia zambarau. Ya buluu haipo. Mkitumiwa picha kwenye simu ya jebera ya buluu na mtu anauza mbegu, mwambieni aoteshe kwanza kwake, tutakwenda kumtembelea.

Sasa, watu hudhani hili ni ua la Wazungu, kwa sababu linakuja limevishwa karatasi inayong'aa na jina la kigeni. Jina ni la Mzungu kweli, daktari wa Kijerumani aliyeitwa Traugott Gerber, na alifariki mwaka 1743. Lakini ua lenyewe ni Mwafrika. Kwao ni Barberton, mji mdogo wa milimani mashariki mwa Afrika Kusini, karibu na mpaka wa Eswatini. Miaka ya 1880 watu walikimbilia huko kutafuta dhahabu, na mmoja wao, mfanyabiashara wa Durban aitwaye Robert Jameson, akaondoka na mmea wenye ua jekundu kama kaa la moto. Mwaka 1889 wataalamu wa London wakauandikia cheti cha kuzaliwa: Gerbera jamesonii. Wenyeji waliokuwa wakichunga ng'ombe kati ya maua hayo tangu babu zao hawakuulizwa jina. Baadaye, kwenye bustani ya mimea ya Cambridge, bwana mmoja Richard Irwin Lynch akalichanganya na ndugu yake, naye wa Afrika hii hii, Waholanzi wakapokea kazi ya kuchanganya, na leo mtoto wetu anarudi nyumbani na lebo ya bei shingoni.

Siwaelezi haya ili mjue nimesoma. Ni kwamba mgeni akija kwako unamuuliza kwanza kwao wanakula nini. Kule Barberton mmea huu unaota kwenye miteremko ya nyasi penye mawe mawe. Mvua hunyesha miezi ya joto, lakini maji hayakai, yanateremka. Kisha huja miezi mikavu, nao umeshazamisha mizizi mirefu chini, unangoja. Jua unapata la kutosha. Wala hakuna mtu anayeupanda, kwa hiyo hakuna mtu anayeufukia.

Mimi niliujua kwa kuuua. Nilikaa jeshini miaka kumi na minane, na wengine hapa waume zenu walikaa zaidi, mnajua kambi ilivyo. Mbele ya kotagadi, kile kibanda cha walinzi langoni, lazima kuwe na bustani, na bustani lazima izungukwe na mawe yaliyopakwa chokaa. Nikapewa kazi hiyo kwa sababu nilikosea kwenye gwaride, na adhabu ikageuka kuwa ujuzi. Siku moja afande mmoja akaleta miche arobaini ya jebera, imenunuliwa kando ya barabara, kila mche kwenye kaveera yake, yaani mfuko wa plastiki, yote imechanua. Ilipendeza. Tukachimba mashimo kama ya kupandia ndizi, tukaweka mche ndani, tukafukia, tukakanyaga kwa buti.

Tatizo likawa moja. Jebera haina shina kama dada zake wa bustanini. Majani yote yanatokea chini, yanalala kando, yanajitandaza kama mkeka. Afande akaja kukagua akasema, "Hawa mbona wamelala? Wasimamishe." Amri ni amri. Tukaleta udongo kwa toroli, tukakusanyia kila mche udongo shingoni mpaka majani yakasimama wima, sawasawa, kama kuruta. Na maji: asubuhi na jioni, inyeshe isinyeshe. Ilikuwa Aprili. Nimewahi kumwagilia maua nikiwa nimevaa koti la mvua.

Wiki ya tatu majani yakaanza kunywea. Tukasema ni kiu, tukaongeza maji. Wiki ya tano nikashika mche mmoja nikauvuta kidogo tu, ukaja wote mkononi bila mzizi, chini mweusi, unanuka kama kitambaa cha kufutia kilichosahauliwa kwenye ndoo. Katika arobaini walibaki watatu. Na hao watatu walikuwa ukingoni, pale ambapo toroli ya udongo ilikuwa haifiki.

Ni afisa kilimo mmoja, aliyekuja kambini kwa shughuli zake nyingine kabisa, aliyepiga magoti pale na suruali yake safi, akafukua kwa kidole kimoja kuuzunguka mmoja wa wale watatu, akanionyesha. Karibuni muone, hii hapa ninayo ndani ya kopo. Mnaona pale ambapo majani yote yanakutana? Pana kitu kinene kidogo, kina manyoya manyoya, katikati kuna vichwa vidogo vinachungulia. Huo ndio moyo wake. Majani mapya yanatoka hapo, na kila ua utakalopata maisha yako yote na mmea huu litatoka hapo. Ukiuziba kwa udongo unyevu, vijidudu vya ukungu vinaingia. Kimoja kibaya zaidi kinaitwa Phytophthora, jamaa wa yule anayeozesha viazi vya Kabale msimu wa mvua. Kikishaingia moyoni hakuna dawa ya kuurudisha mmea, msidanganywe na chupa. Hata mwenye duka la pembejeo akikuapia.

Basi panda hivi. Chimba shimo la kutosha mizizi iteremke bila kukunjwa. Shika mche, uweke ndani, na kabla hujafukia uangalie: moyo uko wapi? Uwe juu ya usawa wa udongo, upana wa kidole kimoja hivi, hata ukionekana kama mche umekosea mahali. Udongo uliochimbuliwa utashuka mvua zikianza, kwa hiyo ukipanda sawa na udongo leo, baada ya mwezi moyo utakuwa shimoni. Kandamiza kwa vidole, buti acha nyumbani. Ukimaliza mche utaonekana unayumba kidogo, na jirani atakuambia hukupanda vizuri. Mwache aseme.

Na hata ukipanda vizuri, kazi ya kuzika inaendelea bila wewe. Matone ya paa la mabati yanarusha udongo mpaka moyoni, kwa hiyo usipande chini ya ukingo wa paa, hata kama pale ndipo pana nafasi. Kuku nao wanachakura, wanakifukia kitu kizima kwa asubuhi moja. Matandazo ni mazuri, hapa Bombo maganda ya kahawa yapo, lakini yawe mbali na moyo kiasi cha kiganja. Mbuzi yeye hafukii, anakula. Na akila hatadhurika, ua hili halina sumu kwa mnyama wala kwa mtoto. Atakayeumia ni wewe.

Udongo wetu huu mwekundu una nguvu, sitautukana, lakini unashika maji. Ukitaka kujua kama mahali panafaa, chimba shimo la kina cha sufuria kubwa, ulijaze maji, nenda kapike chai. Ukirudi na maji bado yanakutazama, jebera usiipande hapo. Inua tuta, sentimita ishirini au thelathini, changanya udongo wa juu makarai mawili, mboji au samadi iliyooza vizuri karai moja, mchanga mkubwa wa kujengea karai moja. Mchanga ule laini kama unga hausaidii, unakwenda kuziba. Kati ya mche na mche acha sentimita thelathini, karibu urefu wa nyayo ya mwanaume mwenye viatu. Nafasi hiyo ni ya upepo. Majani yakibanana, unyevu wa usiku haukauki, na mtapata ubwiri unga, ule unga mweupe kama mtu amekohoa na kikombe cha posho mdomoni.

Mahali pawe na jua la asubuhi. Upande wa mashariki wa nyumba ni mzuri kuliko wote, kwa sababu jua la saa nane mchana mwezi wa Januari hapa kwetu linachoma, na kivuli kidogo saa hizo hakikatazwi. Kivuli cha kutwa nzima ndicho kinachokatazwa. Kabla hatujaanza dada mmoja ameniuliza: alinunua jebera imechanua, ikampa maua miezi miwili, halafu majani tu, mwaka mzima. Nikamuuliza iko wapi, akasema barazani, ndani kabisa. Hapo ndipo jibu lilipo, nusu yake. Nusu nyingine ni kwamba anaipa urea, ile ya mahindi. Urea inaleta majani. Kama unataka kupika sukuma utafurahi.

Maji sasa, nami hapa nina deni la kulipa kwa wale thelathini na saba. Usimwagilie kwa saa, mwagilia kwa kidole. Ingiza kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Kukiwa kukavu, mwagilia vizuri hadi maji yafike chini, kisha mwache. Kiangazi mimi hutoa kopo la nusu lita kwa kila mche, mara mbili au tatu kwa wiki, kutegemea jua, na jerikeni moja ya lita ishirini inatosha miche arobaini. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba nasahau kabisa kama nina jerikeni. Mwagilia asubuhi, na maji yaende udongoni, yasipitie moyoni. Chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko inafaa kuliko ndoo.

Kuna jambo jingine la kambi ambalo nilichukua miaka kulielewa. Wale watatu waliobaki niliwatunza, nikawagawa, wakawa wengi. Lakini kila nilipopanda karibu na yale mawe ya chokaa, majani yalianza kuwa ya njano. Si njano ya uzee, ile inayoanza na majani ya chini. Hii ilianza na machanga ya katikati, na mishipa ya jani ilibaki kijani, kama ramani ya mito juu ya karatasi ya njano. Nikaweka samadi. Nikaweka tena. Hakuna. Kumbe kila mwezi tukimaliza kupaka mawe, mabaki ya chokaa ndani ya ndoo tulikuwa tunamwaga wapi? Kwenye bustani, pale pale, kwa sababu kumwaga barabarani ni uchafu na utaitwa ofisini.

Jebera inapenda udongo wenye uchachu kidogo. Wenye vipimo husema pH kati ya 5.5 na 6.5. Chokaa inaua uchachu huo, na ukishakufa, madini ya chuma yaliyomo udongoni yanakuwa kama pesa iliyofungiwa kwenye sanduku: ipo, unaijua ipo, lakini huwezi kuitumia. Jani linakosa chuma, linakosa ukijani. Nawasimulia hili kwa sababu najua nyumba zenu. Hamna chokaa, lakini mna majivu. Kila asubuhi jikoni yanazolewa majivu na yanakwenda kwenye maua, tumefundishwa hivyo na mama zetu, na kwa mgomba na kunde si vibaya. Majivu yanafanya kazi ile ile ya chokaa. Mkiwa na tuta la jebera, majivu yapelekeni kwenye migomba. Kama mmeshaharibu, ondoeni udongo wa juu, wekeni mpya wenye mboji, na mngoje majani mapya. Yale ya njano hayatageuka, msiwakasirikie.

Chakula chake ni kidogo kidogo. Samadi ya kuku mbichi inaunguza mizizi, msiitumie mpaka ioze miezi kadhaa. Mimi huloweka samadi ya ng'ombe kwenye ndoo siku kumi, nachuja, naongeza maji mpaka iwe rangi ya chai ya rangi, na kila wiki mbili natoa kikombe kwa mche, pembeni. Inatosha.

Wadudu sitawachosha nao, maana ni wale wale wa nyanya zenu. Inzi weupe wanaoruka kama vumbi ukigusa jani. Utitiri, ambao huwaoni, unaona utando mwembamba chini ya jani wakati wa kiangazi, kwa sababu wanapenda vumbi na ukavu. Wale funza wanaochora njia nyeupe ndani ya jani, hao ng'oa jani, limekwisha. Kwa wengine, sabuni ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja kwenye lita ya maji, nyunyiza chini ya majani asubuhi mapema au jioni jua likiwa limepoa, rudia baada ya siku nne au tano. Mwarobaini uliopondwa na kulowekwa nao unasaidia. Mkikuta konokono usiku, mnajua la kuwafanya.

Kitu kimoja ambacho watu wanaogopa kufanya ni kung'oa majani. Jebera ikizeeka majani ya chini yanalundikana, yanaufunika moyo, mwanga haufiki, na vichwa vya maua vilivyokuwa tayari kutoka vinakufa kabla hujaviona. Kila baada ya wiki mbili pitia, ondoa yaliyokauka na yaliyoanza kugeuka, fungua katikati. Usimwache uchi. Ila muachie dirisha.

Na kuchuma. Hapa nitaomba msinisikilize kwa kichwa tu, nitazameni mkono. Kisu weka chini. Kikonyo cha jebera kina uwazi ndani kama mrija, na ukikata kwa kisu juu ya moyo unaacha kikombe kidogo, mvua ikinyesha kinajaa maji, kinaoza, na uozo unateremka mpaka moyoni. Umemzika tena, safari hii kwa kisu. Shika kikonyo chini kabisa, kiinamishe kando, zungusha kidogo, vuta. Kinatoka chote kutoka kwenye shina, safi. Mmesikia kale kasauti?

Usichume mapema. Angalia yale maua madogo ya katikati. Mizunguko miwili ya nje ya hicho kiduara ikishafunguka na unaona vumbi la njano, hapo limekomaa. Ukilichuma kabla, limependeza mkononi lakini kesho yake shingo inakunjika na ua linaangalia meza. Chuma asubuhi likiwa limeshiba maji, kisha ukifika ndani kata kipande kidogo cha mwisho, sentimita mbili tatu, kwa sababu pale chini pamebana na maji hayapandi. Chombo kiwe kimeoshwa na sabuni. Maji yawe kidogo, vidole vinne hivi, maana kikonyo kina manyoya na kikizama sana kinateleza na kuoza. Tone mbili za Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, ndani ya maji, na ubadilishe kila baada ya siku mbili. Nimewahi kukaa na ua moja mezani siku kumi na mbili, mke wangu ni shahidi, na mnajua mke wangu hashuhudii uongo.

Kuna wanaosema jebera inasafisha hewa ya nyumba. Neno hilo linatokana na majaribio ya shirika la anga la Marekani, NASA, yaliyotoka mwaka 1989, na mmea ulikuwa umefungiwa ndani ya sanduku lisilopitisha hewa. Nyumba zetu zina madirisha. Fungua dirisha, na ua weka kwa uzuri wake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie la pesa, maana najua ndilo mliloniitia. Sikuja kuwauzia utajiri. Mashamba makubwa ya maua ya nchi hii, yale ya nyumba za plastiki huko Wakiso na Mukono karibu na ziwa, yanapeleka nje mawaridi zaidi na vipandikizi, na yana mitambo ya maji na vyumba vya baridi. Hatushindani nao. Duka la maua la mjini linataka vikonyo vilivyonyooka, vya urefu mmoja, mia kwa siku moja, na tuta la uani halitoi hivyo. Lakini hapa Bombo penyewe kila Jumamosi kuna nikaha au kuna kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, kila Jumapili kuna madhabahu, na maua yanatoka Kampala kwa boda boda yakiwa yameshachoka. Mwenye miche ishirini iliyotunzwa anaweza kupamba meza kuu ya harusi ya jirani bila kusafiri. Zaidi ya hapo, kwa maoni yangu, pesa iko kwenye miche kuliko kwenye maua. Miche inasubiri mnunuzi, ua halisubiri.

Na miche haihitaji mbegu. Mbegu za ua hili la kuchanganywa hazikupi rangi ya mama yake, na zikikaa muda hazioti. Ngoja mmea wako ufikishe miaka miwili au mitatu. Utauona umekuwa kama familia iliyobanana chumba kimoja, mioyo mitano sita imegusana, maua yamekuwa madogo. Mvua zikianza, mchimbue wote, kung'uta udongo, tafuta pale mioyo inapoachana, kata kwa kisu kilichopashwa moto na kupozwa, kila kipande kiwe na mizizi yake na majani matatu au manne. Waache kivulini saa chache kidonda kikauke, punguza majani makubwa nusu, panda. Mmoja umekuwa watano. Hawa niliowaletea leo ni watoto wa wale watatu wa ukingoni pale kotagadi. Nilipostaafu niliondoka na cheti, sanduku la bati, na kaveera moja ya miche ambayo haikuandikwa kwenye orodha yoyote. Naomba mlio na waume kazini msiipeleke mbali habari hiyo.

Nimeleta kumi na miwili. Mwenyekiti atasema inagawanywaje, mimi sitaingia kwenye siasa zenu. Ila wa kwanza tunaupanda hapa, sasa hivi, kwenye tuta hili mlilonitengenezea, ili kila mtu aone kwa macho. Nani atapanda? Hajati, njoo wewe, umecheka tangu mwanzo. Mikono hiyo ya kusuka tabaga ndiyo tunayoitaka. Shimo liko tayari. Shika mche hapa chini, mizizi iteremke. Vizuri. Sasa ushushe. Hapana, hapana, mama, juu kidogo. Juu tena. Unauona moyo? Waonyeshe wenzako. Bado kidogo... hapo. Hapo hapo, usiukandamize.